Maneno Yaliyopungua Mdomoni mwa Zeus

Wivu haupofushi mtu. Aliyezusha hayo hajawahi kusimama nyuma ya kioo akamtazama mwanamume wake akigawana kipaza sauti kimoja na mwanamke mwingine. Wivu humwongezea mtu macho: ya kisogoni, ya mabegani, hata ya ncha za vidole. Kwa macho hayo ya nyongeza, mfasiri aliona kila kitu. Aliona kiwiko cha mchumba wake kikigusa mkono wa blauzi ya yule mgeni, kikaondoka, kikagusa tena. Aliona jinsi mgeni alivyoinua kichwa kumsoma mwenzake usoni kabla hajaisoma karatasi. Na aliona lililomchoma kuliko yote: mama mkwe wake mtarajiwa, kajituliza kwenye kochi la chumba cha mitambo, mkoba mapajani, akiwatazama wawili wale kupitia kioo kama mtu anayetazama picha ya harusi.

"Wanapendezana," mama alisema, bila kumlenga mtu.

"Wanafanya kazi, mama."

"Kwani nimesema hawafanyi?"

Mzee aliyekuwa mbele ya mitambo alikohoa kikohozi kisicho na mafua yoyote.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani, na kazi yao ilikuwa moja: kuzichukua tamthilia za nchi za mbali na kuzivisha sauti za Kiswahili. Mzee huyo ndiye aliyekuwa fundi na mwongozaji kwa pamoja. Walimwita Mzee wa Midomo, kwa kuwa alikuwa ameitazama midomo ya watu kwenye skrini kwa muda mrefu mno, hata ukikutana naye barabarani akawa anakusalimia, macho yake yanatua chini ya pua yako na hapo ndipo yanapokaa. Mfasiri naye waliyemwita Wembe hakulipata jina hilo kwa wembamba. Aliandika upesi, alikata sawasawa, na ulimi wake haukuwa na ala. Mtu akiharibu Kiswahili mbele yake, hata kama ni mgeni aliyekuja kusoma mita ya umeme, hatoki mlangoni bila kunyooshwa.

Na yule aliyekuwa ndani ya kibanda cha kurekodia, mrefu, shati limekunjwa mikono, ndiye Ngurumo. Kabla ya tamthilia hii alikuwa amewahi kuwa sauti ya daktari, ya polisi wawili na ya mbwa. Sasa alikuwa sauti ya Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki wa kale, na ofisi nzima ilisahau kwamba aliwahi kuwa na jina jingine.

Jumamosi hiyo wazazi wa pande mbili walikuwa wakutane nyumbani kwa kina Wembe kupanga ndoa. Haikuwa safari nyepesi kufika hapo. Mama yake Ngurumo alikuwa amepinga kwa miezi. "Mwanangu," alikuwa akimwambia kijana wake, na kijana, kwa ujinga wa wanaume, akamfikishia Wembe kila neno, "mke mwenye ulimi vile utakula naye nini mezani? Hoja?" Kisha akalegea, bila kusema kwa nini, na Wembe akajua kwamba mama aliyelegea bila sababu anaweza kukaza bila sababu.

Leo mama alikuwa amekuja kumsikia mwanawe akiwa mungu. Ndivyo alivyosema. Ila tangu aingie hakuwa ameuliza habari za Zeus hata kidogo. Alikuwa ameuliza habari za mtangazaji.

Mtangazaji ndiye huyo mgeni. Kila asubuhi redio nyingi mjini ziliamka na sauti yake. Mama yake Ngurumo hakuwa akiwasha jiko kabla hajaisikia. Sauti yenyewe ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu anayekufunika shuka. "Kumbe mrefu hivi!" mama alishangaa alipomwona uso kwa uso. "Na adabu yake! Kanishika mkono kwa mikono miwili." Wembe, aliyekuwa amemwamkia mama kwa magoti kukunjwa na kuitikiwa kwa kichwa kutikiswa, alimeza mate yaliyokuwa machungu kama dawa.

Mtangazaji alikuwa ameletwa kuwa sauti ya Io, binti wa mto. Na hapo ndipo Wembe alipoanza kuota macho ya nyongeza.

Maana hadithi ya Io ni hii. Zeus anamtamani. Anashuka na wingu ili mkewe asimwone. Mkewe, Hera, analitilia shaka wingu lenyewe, anashuka pia, na Zeus kwa kukurupuka anamgeuza Io kuwa ng'ombe mweupe, kisha anasimama kando yake kama mtu aliyepita tu njia. Ni hadithi ya kale sana na ni hadithi ya kutisha, ila wenye tamthilia hii walikuwa wameifanya kichekesho. Zeus wao alikuwa kijana wa ndevu zilizochongwa, kifua wazi, anayemkonyeza mtazamaji. Hera wao alikuwa mwanamke mwenye midomo iliyobanwa, anayetokea dirishani. Kila alipotokea, tarumbeta ilipigwa ile ya vichekesho, pwaa-pwaa-pwaaa, ili asiwepo mtu wa kumwonea huruma kwa bahati mbaya.

Kwa kawaida kila mwenye sauti huingia kibandani peke yake, husema sehemu yake, hutoka. Ila mtangazaji alikuwa ameomba. "Mimi siwezi kumpenda ukuta," alimwambia Mzee wa Midomo akicheka. "Nipeni mtu mbele yangu." Akapewa mtu. Akapewa mtu wa Wembe.

"Tayari?" Mzee alibonyeza kitufe cha kuongea na walio ndani. "Ngurumo, kumbuka, huyu ni mungu lakini leo anaomba. Twende."

Picha ikaanza. Ukingo wa mto. Msichana kasimama, nywele zimelowa, hasemi kitu. Wingu likashuka. Zeus akatoka ndani yake, kamera ikamsogelea mpaka mdomo wake ukajaa skrini, na Ngurumo akasoma kutoka kwenye karatasi, kwa ile sauti iliyomfanya Wembe amkubali kabla hajauona uso wake vizuri:

"Wewe ni mzuri. Twende."

Maneno yakaisha. Mdomo wa Zeus haukuisha. Ulifunguka, ukafumba, ukatabasamu, ukafunguka tena, ukaendelea kuongea kimya kimya kama samaki kwenye chupa.

"Mbona kanyamaza?" mama aliuliza. "Mungu gani huyo anatafuna?"

Mzee alisimamisha picha. Aligeuza kiti polepole. "Wembe, mwanangu. Hapa pamepungua."

"Hakuna la maana alilosema zaidi ya hapo."

"Hata kama si la maana, anasema. Mdomo huo hapo. Tangu nikujue hujawahi kuupunja mdomo."

"Nitaangalia."

"Niongezee sentensi mbili tu."

"Nimesema nitaangalia, mzee."

Aliishika kalamu. Sentensi anazo, zile alizozikata zilikuwa zimelala kichwani mwake nzima nzima, pamoja na nukta zake. Katika lugha ya asili Zeus alimwaga sifa za macho ya Io, shingo ya Io, nyayo za Io ndani ya maji. Wembe alikuwa amezifasiri zote juzi, vizuri, mpaka mwenyewe akajipongeza. Kisha akaambiwa nani atakuwa Io. Akazifuta zote, akaacha maneno manne. Sasa kalamu mkononi, mstari mtupu mbele yake, alimwona mtangazaji kule ndani akimwambia Ngurumo jambo sikioni na Ngurumo akiinamisha kichwa kusikia. Kalamu ikagoma.

"Tusichelewe," Mzee alisema hatimaye, akageukia kitufe. "Ngurumo! Jazia mwenyewe. Lolote, ilimradi mdomo ufunge nalo."

"Lolote?"

"Lolote. Twende."

Wingu likashuka tena. Kamera ikasogea. "Wewe ni mzuri," Ngurumo alisema. "Twende." Wembe alimwona akifumba macho. Mkono wa Mzee ulikuwa ukizunguka hewani, endelea, endelea. Na sauti ikatoka, ya chini, isiyo ya mungu yeyote:

"Usinyamaze. Ukinyamaza nasikia baridi."

Wembe alihisi kama kamwagiwa maji.

Maneno hayo alikuwa ameambiwa yeye. Ilikuwa siku waliyogombana mara ya kwanza, naye, kwa kuwa kila mtu maishani mwake amewahi kumwambia apunguze kusema, shangazi, walimu, hata dada yake wa damu, aliamua kumnyamazia. Akanyamaza asubuhi hadi mchana. Ngurumo akaja kumsimamia mezani, akainama, akamwambia hayo. Usinyamaze. Ukinyamaza nasikia baridi. Katika dunia nzima, mtu mmoja alikuwa ameuhitaji ulimi wake kama blanketi. Hakuwahi kumsimulia mtu. Hata dada yake, anayejua mpaka namba ya viatu vya Ngurumo, hakuwahi kumsimulia hilo.

Na sasa, ndani ya kibanda, mtangazaji alicheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile kinachomtoka mtu aliyeguswa mahali asipotarajia, halafu akainamisha uso. Kwenye skrini, kwa bahati ya ajabu, Io naye aliinamisha uso wakati huo huo.

"Hiyo!" Mzee wa Midomo alipiga meza. "Hiyo hapo! Hiyo hairudiwi!"

Mama alikuwa ameweka kiganja kifuani. "Mwanangu huyu," alisema, sauti imelainika kuliko Wembe alivyowahi kuisikia. "Maneno matamu hivi kayatoa wapi? Ama kweli kila sauti na mwenzake."

Hapo ndipo damu ilipompanda. Wembe alinyoosha mkono juu ya bega la Mzee, akabonyeza kitufe, na sauti yake ikaingia moja kwa moja masikioni mwa wawili wale:

"Wewe ng'ombe! Nani kakwambia ucheke? Kicheko hicho hakimo kwenye maandishi yangu!"

Mtangazaji aliruka. Alivua vile vidude vya masikioni taratibu, akavishika mkononi, akatazama kioo. Ngurumo hakutazama kioo. Alikuwa tayari mlangoni.

* * *

Walisimama kwenye ujia, kati ya mashine ya kunakilia na mtungi wa maji. Mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa umefungwa, lakini ni mlango wa mbao nyepesi, na wote wawili walijua.

"Umefanya nini, Wembe?"

"Mimi? Wewe umefanya nini?"

"Nimejaza mdomo."

"Kwa maneno yangu."

"Yako? Si mimi niliyeyasema?"

"Uliniambia mimi! Ulinipa! Kwani ukimpa mtu kanga yake, siku ukikutana na mwingine ana baridi njiani unarudi kuivua ukamfunike?"

"Aa, sasa tumefika kwenye kanga."

"Usinicheke."

"Sikucheki." Alishusha sauti. Alimsogelea, na Wembe alichukia jinsi mwili wake mwenyewe ulivyokuwa msaliti, unavyotaka kusogea pia. "Nisikilize. Karatasi haina kitu. Mzee anazungusha mkono. Mdomo uko wazi mbele yangu, mkubwa kama mlango. Nikafumba macho nitafute la kusema. Sasa niambie, mimi nikifumba macho namwona nani?"

Wembe aligeuza uso.

"Sema. Namwona nani?"

"Usinifanyie hivyo."

"Nilikuona wewe. Umenuna, umekaa mezani, umeshika kalamu kama kisu. Yakatoka. Hata sikumkumbuka kama yupo."

Kama angekuwa peke yake na mwanamume huyu mahali pasipo na mlango wa mbao nyepesi, hadithi ingeishia hapo, na ingeishia vizuri. Lakini wivu una macho mengi, na moja lilikuwa bado linamwona mtangazaji akiinamisha uso.

"Basi yafute," alisema. "Mwambie Mzee ayafute. Rudia kwa maneno mengine."

Ngurumo akatikisa kichwa.

"Huwezi?"

"Naweza."

"Basi?"

"Sitaki." Alilisema kwa upole, na upole huo ukawa mbaya zaidi. "Nimekuwa polisi. Nimekuwa mbwa. Huyu Zeus mwenyewe, tangu tumwanze, nasikia sauti yangu naona haya, kama mtu aliyevaa koti la babake. Leo mara ya kwanza nimejisikia na sikuona haya. Usiniombe nifute hiyo."

"Kwa hiyo kila nyumba yenye televisheni itasikia."

"Hawatajua ni ya nani."

"Mimi nitajua! Nitakuwa nimekaa sebuleni kwa mama yako, naye atakuwa ameweka mkono kifuani, 'ama kweli kila sauti na mwenzake', nami nitatabasamu, siyo? Nitatabasamu na kumimina chai."

Ngurumo alipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika neno lililo karibu. "Unajua sasa umekuwa nani? Umekuwa Hera."

Alilisema kwa nusu ya mzaha. Nusu ile nyingine ndiyo iliyoingia.

"Hera yupi?" Wembe aliuliza.

"Yupo mwingine?"

"Nakuuliza, Hera yupi? Wa dirishani? Wa tarumbeta?"

"Wembe, ni tamthilia tu. Watu wametoka kazini wanataka kucheka."

"Wanamcheka nani? Hebu niambie. Nimewafasiri hawa miungu mpaka nawajua kuliko binamu zangu. Nimewafasiri wa katuni, nimewafasiri waliovaa suti na miwani myeusi kwenye maghorofa ya vioo. Kila anayewapiga picha siku hizi anawabadilisha apendavyo. Yule wa wafu, ambaye zamani alikaa kwake akachunga wafu wake, sasa kila mahali ni jambazi, eti kwa kuwa kavaa nyeusi. Yule wa bahari ni mvulana wa ufukweni, vifungo wazi. Sawa, nafasiri. Lakini huyo mwanamke, katika zote, zote, ni yule yule! Mdomo kabana, glasi mkononi, dirishani. Zeus wamemvua makosa wakamwachia mabega. Hera wamemvua kila kitu wakamwachia wivu."

"Na wa zamani hakuwa na wivu? Wewe mwenyewe ulinisimulia. Huyo Io si Hera alimtumia nzi wa kumng'ata, akamkimbiza dunia nzima?"

"Alitumiwa. Sikatai. Alimwonea, tena msichana wa watu hakuwa na kosa. Lakini watu wa kale walimwogopa huyo mke! Ndoa zao waliziweka mikononi mwake. Walimjengea nyumba za mawe ambazo nguzo zake zimesimama mpaka leo. Akikasirika, hakuna aliyepiga tarumbeta. Walijiuliza, amefanyiwa nini? Hawa wa leo hawaulizi. Wanamwonyesha anapiga kelele, hawamwonyeshi alivyokuwa amekaa anamngoja."

"Kwa hiyo unanigombeza kwa makosa ya Zeus."

"Nakugombeza kwa yako. Zeus nitamgombeza kwa wakati wake."

Ngurumo alicheka, hakutaka, kilimtoka tu. Wembe naye mdomo ulimcheza upande mmoja akauzuia. Ugomvi ulikuwa karibu kupoa. Kisha Ngurumo, ambaye hakuwa mjinga, ila alichelewa tu, aliacha kucheka.

"Mstari ule," alisema. "Kwa nini ulikuwa mfupi?"

"Ulikuwa mfupi."

"Wewe hukosei urefu. Unapima midomo kwa jicho kama fundi cherehani. Mzee mwenyewe kashangaa. Kwa nini?"

Wembe alitazama mtungi wa maji. Povu moja lilipanda ndani yake, likapasuka.

"Niliukata."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa na macho yake, na shingo yake, na miguu yake. Sikutaka umwambie."

"Io?"

"Usijitie hamnazo."

Ngurumo aliegemea ukuta. Aliposema tena hakukuwa na mzaha hata punje. "Kwa hiyo ulinichukulia maneno ya mungu, ukaniachia mdomo mtupu, ukaniweka mbele ya mwanamke. Halafu nilipotia cha kwangu, cha moyoni, ukanijia na moto."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ulitaka niseme hapana? Umeuliza, nimekujibu."

Mlango wa mbao nyepesi ulifunguka. Wa kwanza kutoka alikuwa mtangazaji, mkoba begani, macho mekundu kidogo. Nyuma yake mama. Nyuma kabisa, Mzee wa Midomo, anayejifanya anatafuta maji.

"Dada," mtangazaji alimwambia Wembe. "Mimi sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba maneno ni yenu. Nilidhani yamo kwenye maandishi, ila mimi ndiye sikuyaona kwenye karatasi yangu. Nikasema moyoni, huyu mfasiri anajua kupenda." Alisita. "Nikacheka kwa sababu sijawahi kuambiwa hivyo. Naongea na watu asubuhi nzima, dada. Wote wananiambia nina sauti nzuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nikinyamaza anasikia baridi."

Hilo Wembe hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, kwa kujipendekeza, hata kwa matusi, na matusi angeyapokea kama mtu anayepokea mgeni wa kila siku. Badala yake alipewa ukweli, na ukweli ukamchoma vibaya zaidi, maana sasa alijua kwamba maneno yale yamemfikia mwanamke huyu na kumkaa.

"Wewe hukunikosea," alisema. "Lile neno nililokuita, nalirudisha. Halikuwa lako."

Mtangazaji aliitikia kwa kichwa. Angeondoka, lakini mama alimshika mkono, akamsimamisha pale pale kama shahidi.

"Hapana," mama alisema. "Nalirudisha, nalirudisha. Neno ni chenji? Mimi nimesikia yote, mlango huo hauna kazi. Umemtukana mgeni mbele yangu. Umekata kazi ya watu kwa kijicho. Umemsimamisha mwanangu kwenye ujia unamhoji kama mwizi wa kuku, na kosa ni lako. Sivyo?"

"Mengi ni ndivyo, mama."

"Nilisema mimi. Nilimwambia huyu. Nikalegea kwa kuwa alisema hali chakula kikashuka pasipo wewe." Alivuta pumzi, na Wembe, hata katika hasira, alishtuka, kwa kuwa Ngurumo hakuwa amemfikishia hilo. "Sasa sikiliza, binti. Sina moyo wa jiwe. Mwombe radhi mwanangu, hapa, kwa wivu wako, tusikie sote. Useme hutarudia. Ukisema, Jumamosi tunakuja kwenu, na mimi mwenyewe nitatangulia mlangoni. Usiposema, waambie wazazi wako wasipange viti."

Mashine ya kunakilia iliguruma yenyewe, ikatulia. Mzee wa Midomo alikuwa ameshika kikombe kitupu na macho yake yalikuwa yametua mahali pake pa siku zote, kwenye mdomo wa Wembe, yakingoja ufunguke.

"Wembe," Ngurumo alisema. Alikuja karibu naye, kati yake na mama, na uso wake ulikuwa umeshikwa na hofu ambayo Zeus wa skrini hajapata kuwa nayo. "Neno moja tu. Mimi nishakusamehe, unajua. Liseme tu yaishe. Kwa ajili ya Jumamosi."

Alimtazama. Alimpenda hapo alipo, shati limekunjwa mikono, jasho juu ya mdomo. Alimpenda kiasi kwamba neno lenyewe, dogo, jepesi, lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, linangoja tu kusukumwa. Aliona viti vikipangwa. Aliona mama akitangulia mlangoni. Aliona pia miaka iliyo nyuma ya mlango huo, na yeye ndani yake, kila siku akiomba radhi kwa kuona alichokiona.

"Mzee," alisema, bila kumwondolea Ngurumo macho. "Ule mstari nitauandika sasa hivi. Mzima. Macho, shingo, nyayo ndani ya maji, vyote, na utafunga na mdomo mpaka silabi ya mwisho. Huyu atausema, kwa dada huyu, na mimi nitakaa kwenye kiti changu nisikilize. Yale aliyojazia yeye yatafutwa. Hayamo kwenye maandishi yangu na sitayatia sahihi."

"Hiyo siyo radhi," mama alisema.

"Siyo, mama. Hiyo ni kazi. Niliiharibu, naitengeneza."

"Na radhi?"

"Mama, mimi nampenda mwanao. Nilimwonea wivu leo, na nikikaa kwako nitamwonea tena, na nisipokaa kwako nitamwonea nikiwa kwetu."

"Wembe, tafadhali," Ngurumo alisema.

"Siombi radhi."